Kuvu na unyevunyevu katika nyumba za Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila masika yanapokaribia kumalizika, maswali huwa yaleyale: nguo zimeingia kuvu kabatini, ukuta wa chumbani umeota madoa meusi, godoro la mtoto linanuka uvundo. Majibu yaliyopo hapa yameandikwa kwa ajili ya wenye nyumba na wapangaji wa visiwani, awe mtu anaishi katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, katika nyumba ya matofali ya Fuoni au Chake Chake, au katika nyumba ya udongo na fito shamba. Sehemu kubwa ya mashauri yanayopatikana kuhusu jambo hili yameandikwa kwa nchi za baridi, ambako mtu huambiwa apashe nyumba moto na afungue dirisha ili hewa kavu ya nje iingie. Kwetu hewa ya nje mara nyingi imeshiba maji kuliko ya ndani, na mashauri hayo yakifuatwa kama yalivyo huweza kuharibu zaidi.

Kuvu ni nini hasa, na kwa nini hapa kwetu haiishi?

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu au koga, ni kiumbe hai kisichokuwa mmea wala mnyama. Huzaana kwa vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo vimo hewani wakati wote, ndani na nje, wala hakuna nyumba isiyokuwa navyo hata ikipigwa deki mara tatu kwa siku. Kijimbegu kikitua mahali penye chakula, joto na maji, huota. Chakula hakikosekani nyumbani: mbao, karatasi, ngozi, pamba, vumbi, jasho lililokauka kwenye foronya, hata rangi iliyopakwa ukutani. Joto letu la nyuzi 25 hadi 32 linaifaa kabisa. Kilichobaki ni maji, na kitu kilicholowa kikikaa siku moja au mbili bila ya kukauka, kuvu huwa imeshaanza kazi hata kama jicho bado halijaiona.

Kwa hiyo katika mambo hayo matatu, chakula na joto hatuna uwezo navyo. Tunachoweza kukizuia ni maji, na takriban kila jibu lililopo hapa chini linarudi kwenye suala hilo moja: maji yanatoka wapi, na yatakaukaje.

Masika yetu huwa Machi hadi Mei, Aprili ikiwa na mvua nyingi zaidi, na vuli huja baina ya Oktoba na Disemba. Pemba, yenye vilima na mabonde, hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Upepo wa baharini huleta unyevu pamoja na chumvi, na chumvi hiyo ikishaingia ukutani huvuta maji kutoka hewani hata siku isiyokuwa na mvua.

Ukutani pametoka kitu cheupe kama pamba. Nitajuaje kama ni kuvu au ni chumvi?

Swali hili ni muhimu, kwa sababu watu wengi husugua ukuta kwa dawa ya kuvu miezi mizima, kumbe wanachokisugua ni chumvi. Kuta zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, au kwa matofali yaliyochanganywa na mchanga wa pwani, na chumvi iliyomo ndani husafiri na maji mpaka juu ya ukuta. Maji yakishakauka, chumvi hubaki nje.

Chovya kidole katika maji safi, kisha gusa ule weupe. Chumvi huyeyuka na kutoweka chini ya kidole, na ukiisugua ikiwa kavu huvunjika kwa punje zinazokwaruza. Kuvu haiyeyuki, huteleza, hutanuka kuwa doa, na mara nyingi ina harufu ya uvundo. Rangi nayo husaidia: kuvu yaweza kuwa nyeusi, kijani, kahawia au hata ya waridi kwenye pembe za choo, lakini chumvi huwa nyeupe siku zote. Ukikuta chumvi usifarijike sana, kwani maana yake ni kwamba maji yanapita ndani ya ukuta, na pale yanapopita kuvu itafuata rangi ikishapakwa.

Nitajuaje maji yanatoka wapi?

Kabla ya kununua dawa yoyote, kaa na ukuta wako. Mahali doa lilipo hueleza mengi.

Unyevu ulio chini, unaopanda kutoka sakafuni hadi kiasi cha mita moja na kuishia kwa mstari unaopanda na kushuka, hutoka ardhini. Matumbawe yana vitundu vingi na hunywa maji kama utambi wa kandili unavyonywa mafuta, hasa nyumba ikiwa haikuwekewa kitu cha kuzuia unyevu juu ya msingi, au udongo na zege la nje vimepandishwa mpaka vikapita usawa wa sakafu ya ndani. Doa lililo pembeni juu, karibu na dari, hutoka kwenye paa: bati lililotoboka, msumari uliolegea, mlizamu ulioziba majani, au ufa katika sakafu ya juu ya nyumba ya kizamani. Doa la mviringo katikati ya ukuta, lisilojali mvua wala jua, mara nyingi ni bomba linalovuja ndani, na kama upande wa pili kuna choo, basi usitafute mbali. Madoa madogomadogo meusi yaliyotapakaa nyuma ya kabati au nyuma ya kichwa cha kitanda huwa ni ya hewa iliyosimama. Hapo ukuta haunywi maji kutoka popote, unatoa jasho tu na hakuna upepo wa kuufuta.

Ikiwa bado una shaka, kata kipande cha nailoni safi chenye upana wa sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne pasibaki pa kupumulia, kisha ukiache siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, upande ulioshika ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumbani, unyevu unatoka hewani. Jaribio hili halina gharama, nami nimeona likiwaokoa watu na kazi kubwa ya kuvunja plasta isiyokuwa na kosa.

Jambo jingine ni kutoka nje mvua inaponyesha. Chukua mwavuli, zunguka nyumba, tazama maji yanaanguka wapi na yanasimama wapi. Dakika kumi za mvua ya Aprili zitakuonesha yale ambayo fundi hatayaona akija siku ya jua.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilipigwa plasta ya saruji ili kuzuia unyevu, na sasa hali imezidi. Kwa nini?

Kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, nene kiasi cha nusu mita na zaidi, zikapigwa plasta ya chokaa na kupakwa chokaa. Waliozijenga walijua kuwa ukuta kama ule hauwezi kuzuiwa usinywe maji, na ndiyo maana waliuvika nguo inayopumua. Ukuta hulowa masika na hukauka kaskazi, mwaka baada ya mwaka. Saruji haipumui namna hiyo. Ukiipiga juu ya mawe hayo, maji yaliyokuwa yakitokea pale chini hukosa njia, yakapanda juu kutafuta pengine pa kutokea.

Hili nimeliona kwetu. Chumba cha chini katika nyumba ya marehemu bibi yangu, Malindi, kilikuwa na unyevu wa kawaida uliofika magotini. Fundi aliyeitwa akakipiga saruji mpaka usawa wa kifua, kisha ikapakwa rangi ya mafuta, na mwaka wa kwanza kila mtu alisifu. Masika ya pili unyevu ukatokea juu ya saruji, mahali ambapo hapakuwahi kulowa tangu nyumba ijengwe. Tulipougonga ukuta kwa kifundo cha kidole ukalia kama ngoma. Saruji ilitoka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imelowa kama uji. Ukiingiza kidole baina ya mawe kinazama mpaka kiungo cha pili, na kinachotoka ni mchanga mtupu. Katika pembe moja kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani kilikuwa laini kama mkate. Kuvu, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiilalamikia, ilikuwa jambo dogo kuliko yote tuliyoyakuta.

Dawa yake ni kuiondoa saruji, kuuacha ukuta wazi ukauke, kisha kuupiga plasta ya chokaa iliyolowekwa vizuri, kwa matabaka membamba, na juu yake kupaka chokaa. Kukauka kwa ukuta mnene ni kazi ya miezi mingi na yaweza kupita mwaka, kwa hiyo usikubali kuharakishwa. Chokaa ina faida ya pili ambayo wengi wameisahau: ikiwa mbichi ni kali mno kwa kuvu, na ukuta unaopakwa chokaa kila mwaka hauipi nafasi ya kuota. Mwashi anayeijua kazi hii bado yupo; muulize alifanyia wapi na uende ukaone kazi iliyokwisha pita masika mawili. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo ya majengo yake husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwa hiyo pata kibali chao kabla ya kuanza kuvunja.

Vichwa vya boriti vikaguliwe kila mahali palipo na unyevu karibu na dari. Bisibisi ikizama kwenye mti bila ya nguvu, watu wasilale chini ya dari hiyo mpaka fundi aje.

Nifungue madirisha au niyafunge?

Jibu linategemea saa na majira. Kaskazi, na wakati wa kusi kavu, fungua kwa raha yako. Wakati wa masika, unyevu wa hewa ya nje hupita asilimia 80 siku nyingi, ilhali ndani ya nyumba inapendeza usizidi asilimia 60. Ukifungua asubuhi na mapema au mara baada ya mvua, unaikaribisha hewa iliyojaa maji. Saa sita hadi saa tisa mchana, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka, ndio wakati mzuri, na fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana ili upepo upite. Dirisha moja peke yake halipitishi kitu.

Hata hivyo, usiifunge nyumba moja kwa moja kwa kuogopa mvua. Watu wanaolala chumbani, maji ya kuoga na sufuria ya wali huongeza mvuke kila siku, na mvuke huo usipopata pa kutokea hutua ukutani. Jikoni na chooni pafunguliwe wakati wa kutumika na baadaye. Pangaboi haipunguzi maji yaliyomo hewani, lakini huyasukuma yasitulie mahali pamoja, nayo inasaidia sana kuliko watu wanavyodhani. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumbani cha kulala. Ikiwa mvua haikatiki kabisa, zianikwe barazani au ukumbini mbele ya feni, dirisha likiwa wazi.

Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani si ghali, na ukikaa nacho wiki mbili utajua nyumba yako inalowa saa ngapi na inakauka saa ngapi.

Chumba chenye kiyoyozi ndicho kinachoota kuvu. Si kiyoyozi hukausha hewa?

Hukausha, chumba kikiwa kimefungwa vyema na mashine ni nzima. Taabu ni baridi kupita kiasi. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kitu chochote kilicho na ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi kitatoa jasho, kama chupa ya soda inavyotoa jasho mezani. Chumba kinachopozwa mpaka nyuzi 18 usiku kucha, asubuhi kikafunguliwa mlango na madirisha, hulowa ukuta mzima bila ya mtu kuona tone. Kadhalika ukuta wa chumba cha pili, unaopakana na chumba baridi, huota kuvu upande wake wenye joto, na wenyewe wakashangaa.

Weka nyuzi 25 au 26. Funga madirisha wakati kinafanya kazi, na kikizimwa subiri kidogo kabla ya kufungua. Safisha chujio lake mara kwa mara, na hakikisha bomba la kutolea maji halijaziba. Bomba hilo likiziba maji hurudi ndani na kuteremka na ukuta.

Nisafishe vipi kuvu iliyokwisha ota?

Chanzo cha maji kikishazibwa, sehemu isiyozidi mita moja ya mraba unaweza kuisafisha mwenyewe. Ikiwa imeenea ukuta mzima au dari zima, au imetokana na maji machafu ya karo, tafuta watu wenye vifaa.

Vaa glavu, miwani ya kukinga macho, na barakoa ile nzito inayobana usoni. Mtandio au ncha ya kanga haizuii vijimbegu. Watoto, wazee na mwenye pumu wawe nje ya nyumba. Zima feni, funga mlango wa chumba, fungua dirisha la nje. Kisha lowesha kwanza. Kuvu kavu ikifagiliwa au kukwanguliwa hurusha vijimbegu kwa mamilioni, na ulichokitoa pembe moja utakikuta pembe nne. Tumia maji ya moto kiasi na sabuni, sugua kwa burashi, futa kwa kitambaa, suuza kitambaa katika ndoo nyingine, rudia mpaka maji yatoke safi. Mwisho kausha: kitambaa kikavu kwanza, halafu feni au jua, siku ileile. Ukuta ulioachwa umelowa baada ya kusafishwa ni kama shamba lililomwagiliwa.

Vitambaa ulivyotumia vitie mfukoni, vifungwe na vitupwe. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Si itoshe kumwagia jiki?

Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki, inafaa kwenye vitu visivyonywa maji, kama vigae vya choo, karo la kuoshea vyombo na vioo. Kipimo ni kisichozidi kikombe kimoja cha robo lita katika lita 4 za maji. Kwenye ukuta wa plasta, mbao au tofali haina nguvu hiyo: huondoa rangi ya kuvu juu, mizizi ikabaki ndani, na yale maji yaliyochanganywa huzama yakainywesha. Tena kuvu iliyokufa huendelea kumsumbua mwenye mzio kama iliyo hai, kwa hiyo lazima itolewe kwa kusuguliwa, si kuuawa tu.

Usichanganye jiki na siki, wala na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, wala kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na vyoo vyetu ni vidogo, mtu hana pa kukimbilia.

Udi, ubani au karafuu kabatini vinaondoa kuvu?

Haviondoi maji, kwa hiyo haviondoi kuvu. Udi na ubani hufunika uvundo kwa muda, nami siwakatazi watu desturi njema ya kufukiza nyumba na nguo, lakini nguo ifukizwe ikiwa kavu kabisa, na aliye na pumu asikalishwe katika moshi. Harufu ya uvundo inapofunikwa kila siku, mtu hupoteza ishara ya mapema kuliko zote. Ama karafuu, ni kweli kwamba mafuta yake yana kitu kinachoitwa yujinoli ambacho kwenye maabara huzuia kuvu isikue, na harufu yake kabatini inapendeza. Hata hivyo, gao la karafuu haliwezi kukausha ukuta ulio nyuma ya kabati.

Naweza kupaka rangi juu ya kuvu kabla ya Sikukuu?

Hapana. Rangi itabaki safi wiki chache, kisha itavimba na kubabuka, na kuvu itaila pamoja na gundi yake. Ikiwa hapana muda wa kukausha ukuta, safisha, acha wazi, na paka baada ya Sikukuu.

Kuvu inadhuru afya kweli, au ni suala la usafi tu?

Inadhuru. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na humo imeelezwa kuwa wakaazi wa nyumba zenye unyevu wamo katika hatari zaidi ya pumu, kikohozi, kukoroma kwa kifua na maradhi ya njia ya pumzi. Nchini Uingereza, mjini Rochdale, mtoto wa miaka 2 alifariki mwaka 2020, na uchunguzi rasmi ukathibitisha kuwa sababu ilikuwa kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu, ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia. Nataja kisa hicho kwa sababu huku kwetu mtoto akikohoa kila usiku watu husema ni baridi ya kusi, wakamfunika zaidi na kumfungia dirisha.

Walio katika hatari kubwa ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu au mzio, na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Dalili za kuziangalia ni mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, kikohozi kinachozidi usiku au asubuhi, na hasa kikohozi kinachopoa mtu akilala nyumba nyingine. Mpeleke mgonjwa hospitali, na mwambie daktari habari ya ukuta. Mara nyingi mgonjwa haulizwi habari hiyo, naye haitoi. Rangi ya kuvu haionyeshi ukali wake. Nyeusi isikutie hofu kuliko ya kijani, na zote zitolewe.

Nguo na magodoro yanaingia kuvu kila masika. Nifanyeje?

Sogeza kabati litoke ukutani kwa upana wa kiganja, na liweke kwenye ukuta wa ndani badala ya ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Usilijaze mpaka milango ikabana. Nguo iliyovaliwa, hata mara moja, isirudi kabatini na jasho lake. Makoti, mabuibui na kanzu za sherehe ndizo zinazoathirika mapema kwa sababu huvaliwa usiku mmoja kisha zikafungiwa. Siku ya jua, fungua milango ya kabati na utoe kila kitu. Viatu na mikoba ya ngozi ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na ikaushwe kivulini, maana jua kali hupasua ngozi.

Godoro lisilazwe sakafuni. Mwili wa mtu hutoa maji usiku kucha, yanashuka chini, yanakutana na sakafu baridi na yanabaki hapo. Vitanda vya samadari vya kizamani vilikuwa juu, na upepo ulipita chini yake. Kitanda cha siku hizi chenye ubao mmoja mzima uvunguni kinahitaji kutobolewa au kubadilishwa chaga zenye nafasi. Liinue godoro lisimame wima angalau mara moja kwa wiki. La sponji ambalo kuvu imeshaingia ndani haliokoleki, na najua bei ya godoro, lakini litupwe.

Pemba, wakati wa msimu wa karafuu, nyumba nzima inalowa. Kuna njia?

Hili ni tatizo la kweli, na halitajwi. Karafuu zinapoanuliwa kwa haraka mvua ikija, majamvi huingizwa ukumbini yakiwa na karafuu mbichi, na maji yote yaliyokuwa yakielekea juani huenda kwenye kuta na dari. Nyumba ya udongo hunywa mvuke huo na kuutunza. Pia karafuu zikirundikwa zikiwa na maji hupata joto, huota kuvu na kupoteza daraja, kwa hiyo hasara ni mara mbili.

Kama una nafasi, jenga kibanda cha makuti au bati uwanjani, wazi pande zote, cha kuhifadhia karafuu saa za mvua. Zikilazimika kuingia ndani, zitandazwe nyembamba, ziwekwe chumba kisicholalwa, dirisha liwe wazi, na zitoke jua linapochomoza. Magunia ya karafuu kavu yasigusane na ukuta wala sakafu. Kwa nyumba ya udongo, makuti yashuke vya kutosha kuukinga ukuta, na chini pajengwe kibaraza kinachoteremkia nje, ili maji yanayodondoka kutoka paani yasirudi kwenye ukuta.

Mkate au unga ukiota kuvu kidogo, naweza kukata pale palipoharibika?

Usile. Katika chakula laini, kuvu inayoonekana ni sehemu ndogo ya iliyomo. Mahindi na karanga zilizoota kuvu ni hatari zaidi kwa sababu ya sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumu hiyo Tanzania Bara, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Usiwape kuku wala ng'ombe. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mimi ni mpangaji, na maji yanatoka kwa jirani wa juu. Nianzie wapi?

Anza na picha, zenye tarehe, za doa lilivyo leo na litakavyokuwa baada ya wiki mbili. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wa adabu unaoeleza ulichokiona na lini, pamoja na kumweleza kwa mdomo, ili pawe na kumbukumbu. Kwa jirani, nenda mwenyewe, kwa salamu na wakati mzuri, usipeleke mashtaka. Mualike ashuke aone dari lako. Katika majumba ya ghorofa, kama ya Michenzani, na katika Mji Mkongwe ambako nyumba mbili hugawana ukuta mmoja, mwenye bomba bovu mara nyingi hajui kama linavuja, kwa sababu kwake sakafu ni kavu. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumuomba asitumie choo kile siku moja au mbili, mkaangalia pamoja kama doa linapungua. Mkishakubaliana chanzo, gharama huzungumzika. Wakati mnasubiri, ondoa vitu chini ya doa, usilaze mtu hapo, na usipake rangi juu yake, kwani utaufuta ushahidi wako.

Misahafu na vitabu vya marehemu babu vimeingia kuvu. Vinaokoleka?

Mara nyingi vinaokoleka, ukiwa na subira. Kwanza vitenge na vitabu vizima. Ikiwa karatasi imelowa, usifunue kwa nguvu. Kisimamishe kitabu wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, mbele ya upepo wa feni usiokuwa mkali, kivulini. Jua la moja kwa moja hukunja jalada na kufifisha wino. Kikishakauka kabisa, kitoe nje ya nyumba, vaa barakoa, na kwa burashi laini ya nywele pangusa kuvu ukielekea nje kutoka katikati ya ukurasa, ukurasa mmoja baada ya mwengine. Usitumie jiki, siki wala kitambaa chenye maji, maana wino wa maandishi ya mkono hutoka. Kama ni mswada wa zamani ulioandikwa kwa mkono, uache ulivyo baada ya kuukausha, na uwapelekee watu wa Nyaraka za Taifa, Kilimani, wautazame kabla hujaugusa tena.

Vikirudi rafuni, visimame bila ya kubanana, rafu iwe wazi au yenye mlango wa matundu, na iwe mbali na ukuta wa nje. Vitolewe na kufunuliwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni masika yakishapita, na tena Januari.